Mtu wa Nyumba Hii

Kila jioni Bhanu alisimama chini ya ngazi, akashika reli ya mbao, akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu wa uani: "Nyambu! Kuja! Chakula napoa!" Na Nyambura, hata siku ambazo goti lake lilikuwa limevimba kama kiazi, alishuka. London nzima hakukuwa na mwingine wa kumwita kula.

Nyumba ilikuwa Southall, kwenye mtaa wa nyumba zilizoshikana bega kwa bega, nyuma ya barabara ya maduka ambako harufu ya jalebi zinazokaangwa na kutiwa shira haikauki na mabasi hupita yakiwa yamejaa tangu alfajiri. Ilikuwa mali ya Bhanu, mjane wa miaka sabini na kitu, aliyezaliwa Nakuru katika familia ya wauza misumari, mabati na rangi. Kiswahili chake alikipata kwa kuwaagiza watu wa kazi, kwa hiyo kilikuwa kimejaa leta, osha, toa, funga. Maneno ya kuomba hakuwa nayo. Hakuna aliyemfundisha, maana hakuwahi kuyahitaji. Nyambura naye alizaliwa Nakuru hiyohiyo, ila upande wa pili wa reli, kule ambako hao waliokuwa wakiagizwa walirudi jioni. Nakuru wasingekaa meza moja hata siku moja. London walikaa, wakala, wakabishana kama chumvi imezidi.

Nyambura aliletwa London na mume wake, Harrison, aliyemwahidi mengi uwanja wa ndege wa Nairobi. Baada ya muda Harrison akapata mwanamke mwingine kanisani, muuguzi mwenye gari, wakahamia mji mwingine. Aliacha suti moja kabatini na redio ndogo. Suti Nyambura aliipeleka duka la hisani. Redio aliibakisha. Shule aliiacha darasa la nne ili alee wadogo zake, na kusoma alisoma kwa shida, kidole kikifuata mstari. Lakini kusikia alisikia. Kiingereza chake chote kilitoka katika ile redio, na ndiyo maana alijua habari za Bunge kuliko habari za jirani.

Harrison alipoondoka, Nyambura alienda kupanga kwa Bhanu, ila mwanzoni hakukaa ndani ya nyumba. Alikaa uani, katika kibanda cha matofali ambacho mume wa Bhanu alikijenga kwa mikono yake mwenyewe alipokuwa hai. Kilikuwa na kitanda, sinki, na jiko la umeme la sahani mbili. Hapo Nyambura alisonga ugali wake, akakaanga sukuma wiki, akala akitazama ukuta. Alikuwa na ufunguo wake na mlango wake. Mvua ikinyesha bati lilipiga kelele hadi hasikii redio.

Kisha mzee akafa, na baridi ya mwaka ule ikaja. Jioni moja Bhanu alivuka uani amevaa kandambili na soksi, shali kichwani, akagonga kwa fimbo.

"Wewe hapana kaa hapa kama kuku," alisema. "Kuja ndani. Jiko moja, chai moja. Hii hapa nafunga."

Nyambura alibeba nguo na redio, akahamia chumba kidogo cha juu kinachotazama uani. Kilikuwa hakina kufuli, wala hakuuliza. Kila mwisho wa mwezi aliweka pesa chini ya mkebe wa majani ya chai, na Bhanu hakuzigusa hadi Nyambura atoke jikoni. Siku ya kwanza alipoziita kodi, Bhanu alikunja uso kama aliyetukanwa.

"Kodi gani? Hiyo ya stima, ya maji. Kodi nalipa mtu ya nje. Wewe mtu ya nyumba hii."

Neno hilo Nyambura alitembea nalo. Alilipeleka hadi kazini, na alipoulizwa anaishi na nani, hakusema nimepanga kwa Mhindi, kama wengine walivyosema. Alisema, "Naishi na mama mmoja wa Nakuru. Mimi ni mtu wa nyumba ile." Kati ya watu waliotoka kwao, kumwomba mtu karatasi ni kumwambia humwamini. Ukishakaribishwa mezani huombi kufuli wala risiti. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hakuona ubaya wake.

Kazi yake ilikuwa kukunja mashuka katika dobi la hoteli moja upande wa Hounslow, karibu na uwanja wa ndege. Ndege zilipita juu ya paa, sakafu ikatetemeka, mashine zikatetemeka, na goti la Nyambura nalo likatetemeka. Walisimama tangu waingie hadi watoke. Siku moja alimwomba msimamizi, Tony, kiti kirefu tu cha kuegemea. Tony alimtazama goti, akatazama saa.

"Tutaangalia," alisema.

Hakuna aliyeangalia kitu.

Aliyekuwa mkabala naye mezani ni Maureen, mwanamke wa Busia mwenye kicheko cha kushinda mashine. Wawili hao walishika shuka moja, huyu ncha hii na yule ncha ile, wakakutana katikati, wakaachana, wakakutana tena. Ni kama ngoma ya watu wasiopendana, Maureen alisema.

"Haya, Mama Redio," aliuliza asubuhi moja. "Wabunge wako wamesemaje?"

"Kuna mswada wa nyumba. Wamesema hakuna tena kumtoa mpangaji bila sababu. Sasa umefika bunge la juu."

"La juu wapi? Mbinguni?"

"Kuna la chini na la juu. Mswada unapanda, unarudishwa, wanaurekebisha, unapanda tena. Ukimaliza kuzunguka ndiyo sheria."

"Basi ni kama haya mashuka yetu. Yanazunguka humo saa nzima, yakitoka bado yana doa." Maureen alikunja ncha yake. "Na habari ya kiti? Hawajazungumzia kiti cha Nyambura?"

"Kuna mswada mwingine wa wafanyakazi. Huo nao unazunguka."

"Waambie wauharakishe. Goti lako halitafika uchaguzi ujao."

Walicheka wote wawili. Wakati huo Nyambura aliweza kucheka juu ya Bunge, kwa sababu hakuwa na haja nalo.

Haja ilikuja Jumamosi moja, imevaa koti la mvua. Ilikuwa Mitesh, mtoto pekee wa Bhanu, akiwa na mwanakandarasi aliyeshika kifaa cha kupimia, kile kinachotoa doa jekundu ukutani. Mitesh alizaliwa London. Kiswahili alikisikia tangu utotoni mama yake alipokuwa na hasira, akakielewa, lakini alijibu kwa Kiingereza. Walipima jikoni, wakapima uani, wakatoka wakagonga ukuta wa kibanda. Kisha Mitesh alimkuta Nyambura akiosha vikombe.

"Anti," alisema kwa upole, "tunaivunja sehemu yote ya nyuma. Tunajenga upya, tutaigawa nyumba iwe fleti. Mama anakuja kukaa kwangu Harrow. Kwa hiyo chumba tutakihitaji mwisho wa mwezi ujao. Unao muda wa kutosha, sivyo?"

Nyambura alifunga mfereji. Alimtazama Bhanu, aliyekuwa mezani akimenya mbaazi. Bhanu hakuinua kichwa. Vidole vilipasua ganda, vikasukuma mbaazi bakulini, vikachukua ganda jingine.

"Nimesikia," Nyambura alisema.

Na hakuogopa. Usiku huo alilala vizuri kabisa. Alikuwa amesikia kwa masikio yake, siku baada ya siku, watu wenye sauti nzito wakisema mtu hawezi tena kuondolewa katika nyumba anayokaa kwa sababu tu mwenye nyumba ametaka. Alichotakiwa kufanya ni kukaa, asitikisike, mpaka mswada umalize kuzunguka. Alikuwa amevumilia mambo makubwa kuliko hilo.

Maureen alipoambiwa hakucheka.

"Kule ninakokaa kuna chumba kinaachwa wazi," alisema. "Kizuri, kina dirisha kubwa. Mwenye nyumba ni Zein, wa Mombasa. Nimwambie akushikie?"

"Cha nini? Mimi sihami."

"Nyambura."

"Sheria inakuja. Na hata isije, mimi si mpangaji wa kutolewa. Mimi ni mtu wa nyumba ile."

"Mtu wa nyumba ile," Maureen alirudia, akivuta shuka kwa nguvu hadi likamponyoka mwenzake. "Na mbona mtu wa nyumba hakuulizwa kabla ya nyumba kuvunjwa?"

Nyambura aliokota ncha yake sakafuni. Siku ile hawakuzungumza tena. Zein alikishika kile chumba wiki moja, kisha akampa mtu mwingine.

Mswada ulipanda, ukarudi. Redio ilisema bunge la juu limetaka mabadiliko, bunge la chini limekataa. Nyambura alisikiliza akipiga pasi, akasikiliza akivaa viatu. Mitesh alileta maboksi matupu, akayapanga ukumbini, mengine yakiwa ya vyombo vya mama yake. Jioni Bhanu aliita kama kawaida, wakala, hakuna aliyeyataja maboksi. Mara mbili Nyambura alifungua mdomo aseme, akaona aibu. Uanzeje kumuuliza mtu anayekupakulia mchuzi kama anakufukuza?

Mwishowe ni wasiwasi wa Maureen uliomsukuma. Maktaba ya mtaa ilikuwa na meza ya ushauri asubuhi moja kila wiki, na Nyambura alienda amevaa nguo za kanisani. Aliyekuwa mezani ni mwanamke kijana aliyeitwa Nishma, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alizungumza Kiingereza polepole bila kumfanya Nyambura ajione mjinga, na kwa hilo Nyambura alimpenda mara moja.

"Mwenye nyumba anaishi humo humo?" Nishma aliuliza.

"Ndiyo. Chumba chake kinatazamana na changu."

"Bafu ni moja?"

"Moja."

"Na jiko?"

Nyambura alikaa vizuri kwenye kiti. Hapo ndipo alipotaka kufikishwa.

"Jiko moja, meza moja," alisema, na hakuweza kuzuia tabasamu. "Tunakula pamoja kila siku. Siku hizi mkono wake unatetemeka, chapati ninasukuma mimi. Akiumwa ninampeleka hospitali mimi. Hata pesa ninazotoa haziitwi kodi, yeye mwenyewe alikataa. Mimi ni mtu wa nyumba ile."

Nishma aliweka kalamu chini.

"Chumba chako kina kufuli?"

"Kufuli la nini? Kati ya nani na nani?"

Yule binti alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, ingawa haikuwa na uchafu.

"Mama," alisema, "mswada ule ni wa wapangaji. Mtu anayeishi ndani ya nyumba ya mwenye nyumba, wakatumia jiko moja na bafu moja, sheria haimhesabu mpangaji. Inamhesabu kama mgeni anayelipa. Akipewa muda wa kutosha, anatoka. Ndivyo ilivyo sasa, na mswada ukipita itabaki hivyohivyo."

"Hata kwa miaka yote hii?"

"Hata kwa miaka yote hii."

Nyambura aligeuza jambo hilo kichwani kama mtu anayegeuza shuka kutafuta upande wa mbele.

"Kwa hiyo," alisema, "kama ningekuwa nafunga mlango wangu, napika changu, simpi hata chumvi, leo ningekuwa na nguvu."

"Zaidi ya ulizonazo sasa. Ndiyo."

"Lakini kwa kuwa nilimsukumia chapati, sina."

Nishma alishika tena kalamu. Hapo Nyambura akakumbuka kibanda. Akaeleza yote, sinki, jiko la sahani mbili, ufunguo, mlango. Akaeleza jinsi alivyoitwa ndani. Yule binti alisikiliza akiinama mbele.

"Na nikirudi kule?" Nyambura aliuliza.

"Kurudi peke yako hakusaidii. Lazima yeye akubali. Nyumba ni jina lake?"

"Lake, si la mwanawe."

"Basi akisema kwa mdomo wake kwamba kule uani anakukodisha, na unalipia kule, tunaweza kuanza kuzungumza. Siahidi zaidi ya hapo. Ila bila neno lake hatuna kitu."

Nyambura alipokuwa akiinuka alishika meza kwa mikono miwili, na Nishma akaliona goti. Akauliza lina muda gani, kazini wanajua, aliwahi kuomba nini. "Kwa hali hiyo omba kiti," alisema, "na umwambie msimamizi unakiomba kwa sababu ya goti. Sheria ya hilo haisubiri Bunge. Ipo zamani." Akampa hata maneno ya kusema, wakayarudia pamoja mara kadhaa mpaka yakamkaa. Nyambura alienda maktaba kutafuta nyumba akatoka na kiti.

Jioni ile alianza kusukuma chapati kabla hajavua koti. Bhanu alikuwa kwenye jiko akizigeuza kwa vidole, vidole ambavyo havikuwa vinasikia moto tena.

"Mama Mitesh," Nyambura alisema, "nina neno moja nataka kukuomba."

"Sema."

"Sema kule uani ni kwangu. Nirudi nikae kule, nilipe kodi ya kule, unipe ufunguo wangu. Sema kwa mdomo wako tu. Kuna binti mmoja atakuja kukusikia."

Bhanu aligeuka. "Uani? Kule baridi. Kule panya."

"Najua."

"Sasa wewe nataka kaa na panya? Mimi nafanya nini mbaya?"

"Hujafanya mbaya. Ni sheria, Mama Mitesh. Nikiwa hapa ndani mimi si kitu. Nikiwa kule ni mpangaji."

"Mpangaji!" Bhanu alilitamka kama mtu aliyeona nywele kwenye chakula. "Mimi na wewe sheria ya nini? Wewe dada yangu. Dada naenda kaa uani? Watu nasema nini?"

Nyambura aliacha kusukuma. Unga ulikuwa umemfika kwenye viwiko.

"Na dada yako," alisema, "mwezi ukiisha anaenda wapi?"

Chapati ilianza kutoa moshi. Hakuna aliyeigeuza. Bhanu alifuta mikono kwenye sari, polepole, kidole kimoja baada ya kingine, akatazama dirishani kuelekea kibanda.

"Hiyo Mitesh najua," alisema mwishowe. "Wewe uliza Mitesh."

Nakuru, Nyambura aliwahi kusikia neno kama hilo likiletwa nyumbani na mama yake, aliyefua nguo katika nyumba za wenye maduka. Ukiomba ruhusa ya kwenda mazishini, mama wa nyumba alikuwa na huruma tele, lakini uamuzi ulikuwa wa bwana. Muulize bwana. Na bwana alikuwa dukani.

Alimuuliza. Mitesh alikuja tena na mwanakandarasi kuchora ukuta kwa chaki ya buluu, na Nyambura akamfuata uani akichechemea. Alisema alichokuja kusema. Mitesh alimsikiliza kwa adabu, mikono mifukoni.

"Anti, hiki kibanda hakijawahi kuwa na kibali," alisema. "Baba alikijenga tu, kama walivyofanya wengi. Ndiyo maana mama alikuingiza ndani mwaka ule. Watu wa kaunsili ya mtaa walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta watu wanaolala uani. Wangekukuta humu ingekuwa balaa kwetu." Aliyasema bila ubaya wowote, kama mtu anayekukumbusha siku ya kutoa takataka. Hakujua kwamba amesema kitu.

Nyambura alirudi jikoni. Bhanu alikuwa kwenye kiti chake. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na Kiingereza cha mwanawe alikielewa vizuri.

Angeweza kumuuliza hapo hapo. Ulikuja kwa kandambili kwenye baridi ile kwa sababu yangu, au kwa sababu ya kaunsili? Swali lilikuwa fupi. Hakuliuliza.  Bhanu alisukuma bakuli la mbaazi upande wa Nyambura, kama alivyofanya kila siku, ili wamenye wote wawili.

Nyambura alipita, akapanda juu.

Huenda ilikuwa yote mawili. Mtu anaweza kuona baridi na kaunsili kwa pamoja, na akavuka uani kwa ajili ya vyote. Kuna siku Nyambura alikubali hivyo, akiwa kwenye basi, na kabla basi halijafika kituoni alikuwa amekataa tena. Kwa sababu kama ilikuwa kaunsili, basi kila sahani aliyopakuliwa tangu siku ile ilikuwa ya kumfanya asiwe mtu mbele ya sheria, na yeye alishukuru kwa kila sahani.

Tangu hapo hakushuka kula. Bhanu aliita, "Nyambu! Kuja!" na Nyambura akajibu kutoka juu kwamba ameshiba. Siku za kwanza aliitwa tena na tena. Baadaye mara moja. Mwishowe Bhanu aliacha kuita, akawa anaweka sahani kwenye ngazi ya chini, imefunikwa kwa sahani nyingine, na asubuhi aliichukua ikiwa vilevile. Nyambura alikula mkate chumbani, na kama pale mwanzo kabisa, alikula akitazama ukuta.

Mwisho wa mwezi ulipofika alihamia nyumba ya Zein huko Hounslow. Chumba chenye dirisha kubwa kilikuwa kimeshachukuliwa. Kilichobaki kilitosha kitanda na mtu wa kukilalia. Zein mwenyewe alimpokea mlangoni, mwanamume mnene mwenye ndevu zilizochanwa vizuri.

"Karibu dada, karibu sana," alisema. "Hapa usione ugeni. Sisi hapa twaishi kama watu wa nyumba moja."

"Wewe unalala wapi?" Nyambura aliuliza.

Zein alicheka, akidhani ni mzaha. "Mimi? Nalala kwangu Stratford, kwa mke wangu. Hapa naja Jumapili tu, nawapikia biriani, twala sote."

"Vizuri. Ubaki huko huko Stratford."

Maureen, aliyekuwa ameshika boksi la vyombo, alikohoa kuficha kicheko. Nyambura hakuwa akichekesha. Alitaka mkataba, akataka usomwe kwa sauti mstari kwa mstari. Akataka kufuli la mlango, na akasimama hapo fundi akilitia. Kisha akanunua jiko dogo la umeme la sahani moja, akaliweka juu ya kabati.

"Na jiko la chini lina kasoro gani?" Maureen aliuliza. "Ni letu sote. Mwenye nyumba hapikii humo ila Jumapili."

"Halina kasoro."

"Basi shuka tupike pamoja, mwanamke wewe."

"Nimezoea hivi," Nyambura alisema, ingawa hakuwa amezoea.

Kazini alimwendea Tony akamwambia yale maneno ya Nishma, moja baada ya jingine, bila kukosea. Tony alikunja midomo, akaondoka, na baada ya siku kadhaa kiti kililetwa, kirefu, chekundu, kimetoka kwenye baa ya hoteli. Sasa Nyambura alikunja mashuka ameketi. Goti lilipoa. Ngoma ile ya kukutana na kuachana ikaisha, maana Maureen ndiye aliyelazimika kumfuata pale alipokaa.

Jumapili moja redio ilikuwa ikiueleza mswada upya, maana sasa ulikuwa umeshakuwa sheria. Ulikuwa umemaliza kuzunguka na kupigiwa muhuri, na sauti nzito zilikuwa zikisema ni siku kubwa kwa wapangaji wote wa nchi. Nyambura alikuwa ameketi kitandani akila ugali na mayai. Alikuwa mpangaji, mwenye kufuli, na sheria yote ilimhusu. Chini walikuwa wamekaa kwenye biriani. Alisikia Zein akisimulia kitu kwa maringo, Maureen akacheka, vijiko vikagonga sahani. Kisha Zein akaja chini ya ngazi.

"Dada Nyambura! Chakula hicho! Wataka tukuletee na mwaliko?"

"Nimeshiba," alijibu.

Simu ilikuwa juu ya kabati, kando ya jiko. Ilipoanza kulia aliona jina, akaiacha. Ikanyamaza, ikalia tena. Mara ya tatu aliishika.

"Nyambu." Sauti ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka. "Wewe nakula?"

"Nimekula."

"Mimi hapana kula bado. Mitesh nakuja jioni. Mke yake nakuja jioni. Harrow nyumba kubwa, mtu hapana." Akashusha sauti zaidi. "Huku hapana mtu nasema Kiswahili."

Nyambura alikuwa akilitazama kufuli. 

"Nyambu. Kuja." Akasita, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. "Tafadhali."

Nyambura hakuwahi kusikia neno hilo kutoka kinywa kile. Hakujua hata kama Bhanu alikuwa nalo.

"Tutaangalia, Mama Mitesh," alisema.

Akangoja simu ikatwe. Bhanu hakukata, na yeye hakukata. Chini walicheka tena. Upande wa pili alisikia maji yakianza kuchemka, na Bhanu, katika jiko ambalo halikuwa lake, akifungua droo moja, akaifunga, akafungua nyingine, akitafuta kijiko.